Kwa Skola, Kabla Hujakabidhiwa Seva ya Songea

Mwembesongo,
Jumapili alasiri

Mwanangu Skola,

Umekwenda parokiani kuagana na wanakwaya wenzako, au labda kuwaambia kwamba huendi tena, sijui. Mimi nimebaki nyumbani na taipureta yangu ya kiwandani, ile niliyoondoka nayo mwaka kiwanda kilipouzwa na sisi makarani tukaambiwa mwenye mali mpya anakuja na watu wake. Nimeipangusa vumbi kwa kanga, nimeingiza karatasi, na sasa ninapiga huku uso nimeuelekeza dirishani. Vidole havijasahau. Ukikuta herufi imeruka au mstari umepanda juu ya mwenzake, soma hivyo hivyo. Karatasi siioni vizuri, lakini ninachotaka kusema nakijua.

Mambo ya kula, kufua na kulala mapema siyaandiki. Msibani kwa jirani yetu ulipikia mtaa mzima na hakuna aliyelalamika chumvi, kwa hiyo njaa haitakuua. Habari za vijana pia naziacha, maana mara ya mwisho nilipoanza hotuba ile ulinikatiza ukasema, "Mama, hiyo umenisomea tangu darasa la saba, anza tu nikumalizie." Sitaki kuchekwa tena.

Nina jambo moja tu, na naliweka hapa juu ili usihangaike kulitafuta chini. Alhamisi mchana nilikusikia ukifungua begi lako na kurudisha nguo kabatini. Ulizirudisha polepole, ukidhani nimesinzia kitini. Kisha ukatoka uani, ukampigia mtu simu, ukamwambia huenda usifike kwa sababu ya matatizo ya kifamilia. Matatizo ya kifamilia ni mimi. Basi la Songea linapita stendi ya Msamvu kesho asubuhi, na ile hospitali ya misheni iliyokuajiri imekaa muda mrefu bila mtu wa kutunza seva yake. Nataka upande basi hilo. Usipofika watachukua mtu mwingine, wala sitawalaumu, na wewe utabaki hapa ukinisomea skrini mpaka uichukie sauti yako mwenyewe.

Daktari alitueleza tukiwa wote wawili, kwa hiyo hakuna la kufichana. Ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, kilichobaki tunakilinda kwa dawa. Tulipotoka pale ulinishika mkono kuvuka barabara, ingawa barabara niliiona vizuri kabisa, nami nikakuacha unishike kwa sababu niliona unahitaji kushika kitu. Tangu masika umekuwa ukija nami kazini kwangu chuoni, unakaa kwenye kiti cha pembeni, unasoma kilichoandikwa, mimi napiga amri. Tumefanya kazi nzuri. Nakiri kwamba zimekuwa siku tamu kuliko nyingi nilizowahi kuwa nazo kazini, na ndiyo maana nimechelewa kukuambia uende.

Acha nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna mambo unayajua nusu nusu.

Kule kwetu Mgeta, mtoto wa kike akiitwa na mkubwa alikuwa anaitikia "abee" kabla hajajua anaitiwa nini. Ukiulizwa kitu unasema ndiyo, halafu unakwenda kujua mbele ya safari umekubali nini. Hata nilipoposwa niliinama kimya nikichora chini kwa kidole cha mguu, wazee wakahesabu nimekubali. Sijuti, marehemu baba yako alikuwa mtu mwema. Nasema tu kwamba sikuulizwa mara ya pili. Kiwandani nako nikawa karani wa kupiga chapa, na kazi ya karani ni kunakili. Meneja akiandika upuuzi, unapiga upuuzi, ila usikosee hata herufi. Nilikuwa hodari sana wa kazi hiyo. Nilipiga hata barua za kupunguza wafanyakazi, na ya kwangu mwenyewe ikiwamo, safi, bila doa la wino.

Chuo kikanichukua kwa mkataba wa muda kupiga mitihani. Unazikumbuka enzi zile. Kila mtu mwenye chumba cha mbele pale Morogoro Mjini alikuwa anakigeuza intaneti kafe, makampuni ya simu yalikuwa yanaingia nchini kwa kupishana, na kila kijana aliyejua kompyuta akawa anakimbilia Dar es Salaam. Fundi wa seva ya chuo naye akaondoka. Kabla hajaondoka alinifundisha mimi, si kwa sababu nilikuwa na akili ya mitambo, bali kwa sababu nilikuwa mtu pekee pale ofisini aliyeweza kupiga mstari mrefu wa amri bila kukosea. Nikakubali. Wewe ulikuwa sekondari, baba yako tulikuwa tumemzika mwaka ule, nisingeweza kuchagua.

Haya ya vifurushi vya programu unayajua kuliko mimi sasa, lakini nataka nikumbuke nilivyoyaelewa mwanzoni. Skrini nyeusi, maandishi meupe, hakuna picha wala kitu cha kubofya. Programu zinakuja zimefungwa katika vifurushi. Unataka programu fulani, unaandika amri ya kuileta, na mashine inaangalia kifurushi hicho kinategemea vingine vipi. Niliona ni kama kumwalika mgeni mmoja kutoka ukweni: unamwalika yeye, anakuja na shangazi zake. Kuondoa nako ni hivyo hivyo. Ukimfukuza mmoja, wote waliokuja kwa ajili yake wanabeba mizigo yao. Ila mashine ina adabu, inakuonyesha kwanza orodha ya watakaoingia na watakaotoka, halafu inauliza: niendelee? Na ukibonyeza tu bila kuandika kitu, inahesabu umekubali. Hapo nilijiona nyumbani kabisa.

Sasa kisa chenyewe. Chuo kizima kinakijua, lakini wewe ulikuwa bwenini na ulikisikia kwa watu, ambao kila mmoja amekiongezea chumvi yake.

Diski ya seva ilikuwa imejaa, barua pepe za wanafunzi zikawa haziingii. Nikaanza kutafuta kitu cha kuondoa ili nipate nafasi. Nikakiona kifurushi kimoja chenye jina la ajabu ambacho sikuwahi kumwona mtu akikitumia. Nikaandika amri ya kukiondoa. Ikashuka orodha ndefu, ikajaza skrini, mwanzo wake ukapotelea juu. Chini kabisa mashine ikasema kwa Kiingereza kwamba ninakaribia kufanya jambo la hatari, na kwamba kama nina hakika niandike maneno haya haya: ndiyo, fanya kama ninavyosema. Ilitaka sentensi nzima, na alama ya mshangao mwishoni.

Mwanangu, mimi ni karani. Nimepewa sentensi ya kunakili, nikainakili. Herufi kubwa mahali pake, mkato mahali pake, alama ya mshangao mahali pake. Nakumbuka nilijisikia vizuri, kwa kuwa sikukosea. Mashine ikatii. Ikaanza kuondoa kimoja baada ya kingine, mistari ikipita mbio, na mimi nimekunja mikono nasubiri imalize. Ilipomaliza nikaandika amri ya kawaida kabisa ya kuonyesha mafaili. Ikajibu kwamba haiijui amri hiyo. Nikajaribu nyingine, nayo haiijui. Kile kifurushi kisichotumiwa na mtu ndicho karibu programu zote zilikuwa zimesimama juu yake.

Bwana Kihaule, mkuu wetu wa kitengo, unamjua alivyo mpole. Alikuja akasimama nyuma yangu.

"Mama Skola, mashine ilikuuliza kabla?"

"Iliniuliza."

"Ukaijibuje?"

"Niliijibu kama ilivyoniambia niijibu."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakunifokea. Ingekuwa nafuu angenifokea.

Ilikuwa wiki ya matokeo. Alama za wanafunzi zilikuwa mle ndani na hakuna aliyeweza kuzifikia. Walikaa kwenye ngazi za ofisi tangu asubuhi, wengine wazazi wao walikuwa wamekuja kutoka mbali kuwachukua. Kila nilipopita walisema "shikamoo mama" kwa heshima zote, na hiyo shikamoo ilinichoma zaidi ya tusi. Diski za CD za kusimika mfumo upya tulikuwa tumewaazimisha watu, hazikurudi. Mtandao wenyewe wakati ule ulikuwa wa kudondoka tone tone, kifurushi kimoja kikubwa kingeshuka mpaka tuzeeke. Yule fundi wa zamani akatusaidia. Akanakili diski tatu huko Dar, akazitia kwenye bahasha, akampa kondakta wa basi la mchana.

Nikaenda Msamvu kuzisubiri. Basi halikufika. Mwisho likaja basi jingine, wakasema lile limekufa pale Mikese. Nikaomba lifti kwenye lori lililokuwa linashuka Dar na vitunguu, nikapanda mbele na dereva, na huko Mikese nikalikuta basi limeinuliwa kwa jeki, abiria wamekaa kando ya barabara wanakula mahindi ya kuchoma. Kondakta akanipa bahasha. Ilikuwa imefunguka. Nikahesabu diski mbili.

"Ya tatu iko wapi?"

"Bahasha ilichanika, mama, zikamwagika. Si zote hizo?"

Nikainua macho. Diski ya tatu ilikuwa inaning'inia kwa uzi kwenye kioo cha dereva, inang'aa kwa jua, karibu na rozari.

"Hiyo hapo juu ni ya nani?"

Dereva akaona haya. "Nilidhani ni pambo, mama."

"Ni pambo la chuo, baba. Nifungulie."

Akaifungua uzi kwa heshima sana. Nikaipangusa kwa ncha ya kanga kwa kuizungusha, vile ambavyo hutakiwi kufanya, nikarudi Morogoro nimeishika mapajani kama yai. Ilisomeka. Alama za wanafunzi zilikuwa salama, kwa sababu yule fundi tangu zamani alikuwa amezitenga kwenye diski nyingine kabisa, wala hakuwahi kuniambia. Nilimwombea misa ya shukrani, na yeye hajui mpaka leo.

Baada ya hapo wanafunzi wakanibatiza Mama Ndiyo. Jina lilinikaa miaka. Kuna mhadhiri mmoja mgeni aliwahi kuniandikia barua rasmi kwa Bi. Ndiyo, akidhani ni la ukoo.

Bwana Kihaule hakunifukuza. Alisema kitu kimoja tu: kuanzia siku ile, nisijibu swali lolote la seva kabla sijalisoma kwa sauti kwa mtu mwingine. Nikamuuliza mtu gani, hapa hakuna mwingine anayejua. Akasema, "Si lazima ajue. Awe na masikio tu." Mtu mwenyewe akawa Mwajuma, karani wa masjala, meza yake ilikuwa inapakana na mlango wa chumba cha seva. Wakati ule hakujua kompyuta hata kuiwasha. Nilikuwa nasoma orodha, jina moja moja, naye anachambua mafaili yake huku ananiuliza, "Hicho ni cha nini?" Nikiweza kumweleza akaelewa, tunaendelea. Nikishindwa kumweleza, najibu hapana, naenda kutafuta kwanza. Hakuna kozi iliyonifundisha zaidi ya hilo swali la Mwajuma. Mara ngapi nimefungua mdomo kumjibu nikagundua sijui. Na yeye naye, kwa kuuliza uliza tu, akajifunza, mpaka leo anaweza kuisimamisha seva peke yake ikianguka. Huko Songea hutakuwa na fundi mwenzako. Tafuta mtu mwenye masikio. Muuguzi, mtu wa stoo ya dawa, sista mzee asiyependa kompyuta, huyo ndiye bora kuliko wote. Msomee kwa sauti kabla hujajibu, hata kama atakuona chizi.

Hili la pili halichekeshi. Kuna wakati kifurushi kinakataa kuingia kwa sababu kile kinachohitajika kwanza hakipo au ni cha toleo jingine. Mashine inakwambia wazi, haiwezekani. Lakini kuna neno unaloweza kuongeza kwenye amri, la kulazimisha. Niliongeza. Nilikuwa na haraka, mhadhiri fulani alikuwa amesimama mlangoni anagonga gonga viatu. Kikaingia. Mhadhiri akafurahi. Kisha kwa miezi mingi seva ikawa inaumwa ugonjwa usioeleweka, leo barua zinakwenda, kesho haziendi, na hakuna aliyekumbuka siku ile ya viatu. Ikilazimishwa haibishani nawe, inakubali tu halafu inachechemea.

Na wewe nilikulazimisha. Sitaki kusema mtoto ni programu, utaniambia mama ameanza. Lakini ile shule ya bweni hukuitaka. Ulilia hapa hapa kwenye korido, ukasema nisubiri mwaka mmoja tu, baba amekufa juzi. Mimi niliona nafasi imepatikana na zikipita hazirudi, basi nikafunga sanduku lako mwenyewe. Ulikwenda. Uliporudi likizo ulikuwa unajibu "ndiyo mama" kwa kila kitu. Skola, unataka chai? Ndiyo mama. Skola, twende kwa bibi Mgeta? Ndiyo mama. Nikawa najisifu kwa majirani, shule imemtia mtoto adabu. Bibi yako ndiye aliyenifumbua. Ulikuwa unamchumia kabichi, akanivuta kando akaniambia kwa Kiluguru chake kwamba mtoto huyu ananiogopa. Nilimkasirikia mama yangu kwa maneno yale, nikashuka mlima bila kuaga vizuri. Alikuwa anasema kweli. Miaka yote tangu hapo nimekuwa nikisubiri unikatalie kitu.

Sasa tuje kwenye Jumamosi ya wiki iliyopita.

Tulikuwa tunaweka matoleo mapya ya programu. Ulikuwa unasoma orodha kama kawaida, na mimi nimekaa na vidole kwenye kibodi nasikiliza. Unajua kusikiliza orodha si sawa na kuiona. Jicho linarudi nyuma lenyewe, sikio halirudi. Nilikuwa nimechoka, kichwa kinaniuma na zile dawa za matone, na majina yakawa yananipita kama kelele za sokoni. Ulipofika mwisho nikasema, "Sawa, weka ndiyo."

Ukasema, "Mama, hapa katika zinazoondoka kuna ile ya matokeo."

"Nimesikia. Endelea."

Nikasikia umenyoosha mkono mbele yangu, ukabonyeza kitufe kimoja.

"Nimeweka hapana," ukasema.

Nikakugeukia kama simba. Nikakuuliza seva hii ni ya nani. Ukajibu, "Ya chuo, mama," kwa sauti ndogo lakini hukuinamisha kichwa, hilo niliweza kuliona. Kisha ukanisomea tena, taratibu, jina kwa jina, na nilipolisikia lile la programu ya matokeo nikaondoa vidole kwenye kibodi. Ingekuwa ile ile ya zamani, wanafunzi kwenye ngazi na shikamoo zao. Nikasema tuache kwa leo. Tukafunga chumba, tukarudi nyumbani kwa miguu, sikukuambia neno njia nzima. Wala kesho yake. Wala siku zilizofuata, zaidi ya habari za mboga na maji.

Ukadhani nimekasirika. Halafu ukadhani nimevunjika moyo kwa sababu nimeona siwezi tena kazi, na kwamba ukiniacha katika hali ile nitaanguka. Ndipo ukarudisha nguo kabatini. Nimekuelewa, na ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo.

Lakini sikuwa nimekasirika, mwanangu. Nilikuwa nimefurahi mpaka sikujua nifanye nini na uso wangu. Umenikatalia. Mimi mama yako, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, mbele ya mashine yangu, nimekuamuru mara mbili, na wewe ukaweka hapana kwa sababu ulisoma na mimi sikusoma. Nilinyamaza kwa sababu ningefungua mdomo ningelia, na ningelia ungezidi kukataa kwenda. Kimya changu kikakuharibia hesabu. Hilo ni kosa langu la juzi, halijapoa bado, nisamehe.

Najua utakalosema. Utasema, mama, kama unazipenda sana hapana zangu, basi chukua na hii: siendi. Nimeifikiria. Ijumaa niliisoma kwa sauti mbele ya Mwajuma, kama utaratibu wetu ulivyo. Nikamwambia, Skola anataka kubaki Morogoro. Akaniuliza, "Hiyo ni ya nini?" Nikasema ni ya kunisomea mimi. Akauliza, "Na kwake yeye ni ya nini?" Sikuweza kumjibu. Akasema, "Basi tunajua la kufanya, dada." Ile hapana ya Jumamosi ulikuwa umeisoma mpaka mwisho. Hii umeisoma nusu, ukakutana na macho yangu katikati ya orodha ukaacha.

Nisikilize habari zangu basi, ili usiseme nimekufukuza nikabaki gizani. Nimezungumza na Bwana Kihaule. Seva nimemkabidhi Mwajuma. Mimi nitakaa kwenye kile kiti cha pembeni mpaka mkataba uishe, nitakuwa mtu wa kusomewa na kuuliza hiyo ni ya nini, kazi ambayo haihitaji macho hata kidogo. Baadaye nitapanda kwa bibi yako. Kule kuna maharage ya kuchambua, na nina mazungumzo na mama yangu ambayo nimeyachelewesha. Dawa nitatia mwenyewe, nimeshazoea, tone likikosa jicho linaangukia shavuni, halina madhara.

Utaogopa huko. Siku ya kwanza ukikaa mbele ya mashine ambayo hukuisimika wewe, yenye majina ya wagonjwa ndani yake, mikono itakuwa ya baridi. Iache iwe baridi. Mimi siku ile ya alama ya mshangao mikono yangu ilikuwa ya moto kabisa. Na ukiharibu, maana utaharibu, mwambie mkubwa wako kabla hajakuuliza, halafu ndiyo uanze kutengeneza. Usinipigie mimi kwanza. Nipigie ikishapona, unisimulie, nicheke.

Limebaki jambo moja ambalo hulijui. Ijumaa ile ile, baada ya kuongea na Mwajuma, niliingia chumba cha seva. Nikamwomba akae pembeni. Lile jina lako la kuingilia, alilokufungulia Bwana Kihaule ulipoanza kunisaidia, nimelifuta. Ni amri fupi, niliipiga mwenyewe, herufi zote ziko kwenye vidole. Nikamwambia Mwajuma aangalie kama lipo. Akasoma: hakuna mtumiaji wa jina hilo. Nikamwambia asome tena, akasoma tena. Nikalia kidogo, naye akajifanya anatafuta kalamu chini ya meza.

Kwa hiyo hata kesho ukilikosa basi, ukaja chuoni kukaa na mimi, ile mashine haikujui. Nimekutoa mimi, mama yako, nikiwa na akili zangu timamu na nimesoma orodha yote ya nitakachokikosa: sauti yako asubuhi, nyayo zako koridoni, mkono wako barabarani hata pale ninapoona vizuri. Imekuwa ndefu kuliko nilivyodhani. Nimeisoma mpaka mwisho, Skola, na bado nasema nenda.

Mama yako.